Madeni ya Kumbukumbu kwa Diski: Mhadhara juu ya Metadata na Uandishi wa Faili



Mtu akiandika barua katika kompyuta, akabonyeza pahala pa kuhifadhi, akaona maandishi yametulia juu ya kioo, aghalabu huondoka na yakini kwamba kazi yake imekwisha kutiwa diskini. Na yakini hiyo, ijapokuwa ni ya kawaida na wala haina lawama, si sahihi. Katika lahadha ile maneno yake yapo katika kumbukumbu ya umeme tu, ambayo hufutika umeme ukatikapo. Na pamoja na maneno hayo yapo humo mambo mengine ambayo yeye hakuyaandika wala hayaoni, yaliyoandikwa na mfumo wa faili kwa niaba yake: jina la faili, ukubwa wake, mwenyewe, saa ya kubadilishwa, na orodha ya mahali ambapo vipande vyake vimelazwa. Mambo haya, yanayoieleza faili pasipo kuwa faili yenyewe, ndiyo yaitwayo metadata, na mhadhara wangu wa leo ni juu yake: namna wataalamu walivyojitahidi kwa zaidi ya miaka 40 kuyaweka kwa muda katika kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diskini, ili kuandika kuwe kwepesi, bila ya kuyavuruga wala kumdanganya mtu.

Huenda msikilizaji akauliza kwa nini jambo dogo kama jina na saa lihitaji mhadhara mzima, ilhali maneno ya barua ndiyo yenye thamani. Jawabu ni kwamba uzito wa metadata haumo katika wingi wake bali katika kutawanyika kwake. Chukua faili mpya yenye neno moja tu. Sharti mfumo utafute inodi iliyo wazi, nayo inodi ni rekodi ndogo ibebayo habari zote za faili isipokuwa jina lake, uitie alama katika ramani kwamba sasa imeshikwa, uijaze, uongeze jina katika saraka, ubadilishe saa za saraka yenyewe, utafute bloku ya diski iliyo huru, nayo uitie alama katika ramani nyingine, kisha ndipo uandike neno lile. Neno moja la mwandishi limezaa maandiko matano au sita ya mfumo, na kila moja lina makao yake mbali na mwenzake. Diski zilizokuwa zikizunguka mara 3,600 kwa dakika zilihitaji kwa wastani milisekunde 8 na zaidi kungojea nusu ya mzunguko, na hapo bado hatujahesabu mwendo wa mkono wa kusomea. Basi mfumo ambao ungesimama kungoja kila andiko lifike ungeumba faili chache mno kwa sekunde, hata kichakataji chake kiwe na kasi ya namna gani.

Dawa ya uzito huu ilijulikana mapema. Katika Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, iliyoanzishwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, kiini cha mfumo kilipata kuwa na kache, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa bloku za diski zilizosomwa au kubadilishwa karibuni. Bloku iliyobadilishwa haikulazimika kupelekwa diskini papo hapo, bali ilikaa ikingoja, na desturi ikawa ni kuzipeleka zote pamoja kila baada ya sekunde 30. Faida ya kungoja huko ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa inodi iliyobadilika mara mia ndani ya muda ule huandikwa mara moja tu, na faili ya kupita, iliyoumbwa na kufutwa kabla ya muda kwisha, huweza isiiguse diski kamwe. Hapa kumbukumbu imekopa, na diski ndiyo mdai. Na shida ya mkopaji huyu haiji kwa kukopa, bali kwa kufa ghafla na madeni mkononi. Umeme hukatika (sisi hatuhitaji kusimuliwa hayo), na kinachobaki ni kile tu kilichokwisha kulipwa.

Ingekuwa hasara yenyewe ni kupotea kwa kazi ya sekunde 30 zilizopita na basi, wengi wangeiridhia, na mimi ni mmoja wao. Lakini kache iliyoachiwa hiari yake hailipi kwa utaratibu wa kukopa. Hulipa kwa utaratibu unaoirahisishia diski, ikitanguliza bloku iliyo karibu na mkono. Tuseme faili ya kwanza imefutwa, bloku yake ikawa huru, ikapewa faili ya pili, na inodi ya faili ya pili ikawahi kufika diskini kabla ya kufutwa kwa ile ya kwanza kuandikwa. Umeme ukikatika hapo, faili mbili zitaamka asubuhi zikidai bloku moja, na mwenye kuisoma ya kwanza huenda akasoma siri za mwenye ya pili. Au jina limetangulia katika saraka na inodi yake haijafika. Jina hilo basi laelekeza kwenye takataka. Data ikipotea, aliyepata hasara ni mwenyewe. Metadata ikivurugika, hasara humfikia hata jirani asiyeandika kitu siku ile. Kwa hiyo suala la kuboresha kache ya metadata halikuwa kamwe suala la kasi peke yake: ni suala la kujua ni deni gani laweza kucheleweshwa, kwa muda gani, na lipi sharti litangulie kulipwa kabla ya jingine.

Watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndio waliolijibu suala hili kwa uwazi, ingawa jawabu lao lilikuwa la gharama. Mfumo wa faili wa haraka uliotoka pamoja na Unix yao ya 4.2BSD mwaka 1983, na kuelezwa mwaka uliofuata katika makala ya Marshall Kirk McKusick, William Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry, ulikuwa ni maendeleo makubwa: mfumo wa zamani wenye bloku za baiti 512 uliweza kutumia asilimia chache tu za uwezo wa diski, na huu mpya, kwa bloku kubwa na kwa kuweka vitu vinavyohusiana karibu karibu, ulifikia hadi asilimia 47. Lakini huo ndio ufanisi wake katika data. Katika metadata ulishika njia ya mtu mwenye hofu: kila badiliko ambalo utaratibu wake una maana, kama kuumba jina au kulifuta, liliandikwa papo hapo, na programu ikasimama kungoja hata diski ijibu. Njia hii ilihifadhi amani, na mfumo ulipoamka baada ya ajali, programu ya fsck iliweza kukagua diski nzima na kurekebisha yaliyobaki. Walakini aliyefungua kifurushi chenye faili elfu moja ndogo aliona mashine yenye nguvu ikienda mwendo wa diski.

Mahali ambapo gharama hii iliumiza zaidi ni katika mtandao, na hapa naomba wasaa nikae kidogo, kwa sababu ndipo lilipopatikana jambo ambalo mimi naliona kuwa la busara kuliko mengi yenye sifa kubwa zaidi. Mfumo wa NFS wa kampuni ya Sun Microsystems, uliotolewa mwaka 1985, uliiwezesha kompyuta moja kusoma na kuandika faili zilizo katika diski ya seva ya mbali. Seva hiyo kwa makusudi haikuweka kumbukumbu ya wateja wake, ili ikianguka na kuinuka mteja asijue kitu ila kwamba jibu limechelewa. Lakini uhuru huo ulikuwa na sharti: katika toleo la pili la itifaki, seva haikuruhusiwa kujibu kwamba imeandika mpaka data pamoja na metadata zake ziwe zimetulia mahali pasipofutika. Mteja aliandika kwa vipande vya kilobaiti 8, na kwa kila kipande seva ilipaswa kuandika bloku ya data, na inodi, kwa kuwa ukubwa umebadilika, na faili ikisharefuka, bloku moja zaidi ya vielekezi ambayo inodi huitegemea.

Tufanye hesabu pamoja. Faili ya megabaiti moja ina vipande 128 vya kilobaiti 8. Inodi ya mfumo wa Berkeley ina vielekezi 12 vinavyoelekeza moja kwa moja kwenye data. Basi vipande 12 vya mwanzo vyahitaji maandiko mawili kila kimoja, na vile 116 vinavyobaki vyahitaji matatu. Jumla ni maandiko 372, na kati ya hayo 244 ni ya metadata: inodi ile ile moja imeandikwa mara 128, kila mara ikitofautiana na ilivyokuwa kwa ukubwa na saa tu. Hakuna aliyefaidika na nakala 127 za mwanzo.

Mwaka 1994 Chet Juszczak, wa kampuni ya Digital, alieleza namna ya kuondoa upotevu huu pasipo kuvunja sharti hata chembe. Aliona kwamba mteja hapeleki ombi moja akakaa. Wapo watumishi wa nyuma katika mashine yake wanaopeleka maombi kadhaa mfululizo, kwa hiyo seva inaposhughulikia kipande kimoja cha faili, aghalabu kipande cha pili na cha tatu cha faili hiyo hiyo viko njiani au vimekwisha kufika mlangoni. Basi mtumishi wa seva aliyemaliza kuandika data yake, kabla ya kuandika inodi, atazame: je, yuko mwenzake mwenye kipande kingine cha faili hii? Akiwapo, amwachie yeye metadata, na jibu lake liwekwe kando lisipelekwe bado. Asipokuwapo, alale milisekunde chache, kisha atazame tena. Yule atakayejikuta wa mwisho ndiye atakayeandika inodi mara moja kwa niaba ya wote, na hapo majibu yote yatoke pamoja. Maombi yakikusanyika manne manne, yale maandiko 372 yashuka hadi 189. Na data zenyewe zikiunganishwa vile vile, vipande vinne katika andiko moja, jumla ni 93, yaani robo kamili ya gharama ya awali. Mteja hakupewa jibu la uongo hata mara moja, maana hakuna jibu lililotoka kabla ya metadata kutulia.

Njia hiyo ilikuwa na mkosi wake. Mteja mnyonge, asiye na watumishi wa nyuma, apelekaye ombi moja na kungoja jibu ndipo apeleke la pili, alilipishwa milisekunde zile za usingizi bila ya kupata chochote, kwa kuwa mwenzake aliyengojewa hakuwapo. Hali hii yafaa kukumbukwa na kila atakayetengeneza kache: ucheleweshaji ni kamari juu ya mambo yajayo, na kwa mtu ambaye hayo hayaji, kamari hiyo ni hasara tupu. Toleo la tatu la NFS, lililochapishwa mwaka 1995, lilirekebisha itifaki yenyewe: mteja aweza kupeleka maandiko mengi na kujibiwa kwamba yamepokelewa tu, kisha mwishoni akatoa ombi moja la kuyathibitisha yote, huku akishika nakala zake mpaka uthibitisho ufike, na seva humpa namba maalumu ibadilikayo kila seva iinukapo upya, ili ajue kama seva aliyozungumza nayo mwanzo haijaanguka na kuinuka kabla ya uthibitisho. Ni utaratibu wa watu wazima, deni likiandikiwa hati pande zote mbili.

Nirudi sasa kwenye diski ya nyumbani. Mwaka huo huo wa 1994, Gregory Ganger na Yale Patt wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba hata maandiko ya papo hapo ya mfumo wa Berkeley yaweza kuachwa karibu yote, ikiwa kache itafundishwa utaratibu badala ya kulazimishwa haraka. Kanuni zao zilikuwa tatu. Usielekeze kwenye kitu kabla hakijaandaliwa. Usikitumie tena kitu kabla vielekezi vyake vya zamani havijafutwa. Wala usikifute kielekezi cha mwisho cha kitu kilicho hai kabla kipya hakijawekwa. Mwenye kuzishika kanuni hizi tatu aweza kuchelewesha metadata apendavyo, na diski itakuwa salama wakati wowote umeme utakapokatika.

Kusema ni rahisi. Ugumu ni kwamba diski haiandiki badiliko moja moja. Huandika bloku, na bloku ya kilobaiti 8 hubeba inodi 64 za baiti 128, zenye mambo yasiyohusiana. Tuseme katika saraka moja faili moja imeumbwa na nyingine imefutwa, na inodi zao zimo katika bloku moja. Kwa iliyoumbwa, kanuni yadai inodi itangulie jina. Kwa iliyofutwa, kanuni yadai jina litangulie kuondoka ndipo inodi ifutwe. Basi bloku ya inodi yangojea bloku ya saraka, na bloku ya saraka yangojea bloku ya inodi, na hakuna awezaye kwenda mbele. Jawabu la Ganger na Patt ni la werevu hata leo: usifuatilie utegemezi wa bloku kwa bloku, bali wa badiliko kwa badiliko; na itakapofika zamu ya bloku kuandikwa, mabadiliko ambayo wakati wake haujafika yarudishwe nyuma kwa muda, bloku iandikwe ikiwa katika hali iliyo salama, kisha yarejeshwe kumbukumbuni kana kwamba hakuna lililotokea. Saraka huandikwa pasipo jina jipya, inodi hufuata, kisha saraka huandikwa tena likiwamo. McKusick mwenyewe aliichukua mbinu hii, iliyopewa jina la mabadiliko laini, akaitia katika mfumo wake wa Berkeley, na mwaka 1999 yeye na Ganger wakaieleza kwa tafsili. Faili iliyoumbwa na kufutwa upesi ilikoma kuisumbua diski. Na baada ya ajali, kilichoweza kuharibika ni bloku kadhaa zilizo huru lakini zimetiwa alama ya kushikwa, jambo linaloweza kusahihishwa baadaye, mashine ikiwa kazini.

Kwa nini basi mbinu nzuri namna hii haikuenea kila mahali? Kwa sababu ni ngumu. Kila aina ya badiliko yahitaji rekodi yake ya utegemezi, kila kipengele kipya cha mfumo wa faili chahitaji kufikiriwa upya dhidi ya vyote vilivyotangulia, na watu walioweza kuusoma msimbo wake wakauelewa wote walikuwa wachache. Hata FreeBSD, mfumo wa uzao wa Berkeley, iliyoitumia kwa miaka mingi, katika toleo la 9.0 la mwaka 2012 iliiongezea daftari dogo ili kuepuka ukaguzi mrefu baada ya ajali. Mimi huihesabu kuwa ni kazi nzuri kuliko zote katika fani hii, na pia sina lawama kwa waliokataa kuifuata.

Hao wengi walishika njia ya daftari, ambayo asili yake ni katika hifadhi za data, na ambayo Robert Hagmann wa Xerox aliitumia mwaka 1987 katika mfumo wa faili wa Cedar. Kabla ya metadata kupelekwa kwenye makao yake yaliyotawanyika, huandikwa mfululizo katika eneo moja la diski, na mwisho wa fungu ikatiwa alama kwamba fungu limetimia. Umeme ukikatika, mfumo ukiinuka husoma daftari, hutekeleza mafungu yaliyotimia na kutupa lisilotimia. Faida yake kwa kache ni dhahiri: maadamu deni limeandikwa daftarini, kulilipa mahali pake kwaweza kungoja muda mrefu, na madeni mengi juu ya bloku moja hulipwa kwa andiko moja. Ext3 ya Linux, kazi ya Stephen Tweedie iliyoingia katika kiini rasmi mwaka 2001, ilifunga fungu lake kila baada ya sekunde 5.

Lakini daftari nalo laweza kuwa mzigo, na mfano wake ni XFS, mfumo uliotoka katika kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1994 kwa ajili ya faili kubwa na diski nyingi. Ulisifika kwa kuandika data, na ukanung'unikiwa kwa kufuta na kuumba faili ndogo. Kisa ni kwamba kila badiliko la metadata liliingia katika njia ya daftari peke yake, hata saraka iliyobadilishwa mara elfu kwa dakika ikawa imeandikwa daftarini mara elfu, kila mara ikirudia yaliyokwisha kuandikwa pamoja na jipya dogo. Dave Chinner aliweka kache mbele ya daftari lenyewe: mabadiliko hukusanywa kwanza kumbukumbuni, kitu kilichobadilika mara elfu kikawa na nakala moja tu ya mwisho, na nakala hiyo ndiyo iendayo daftarini. Mbinu hii ilitokea katika Linux 2.6.35 mwaka 2010 kama jaribio, na katika 2.6.39 mwaka 2011 ikawa ndiyo desturi. Bei yake ni kwamba ajali ikitokea, mambo ya karibuni yatakayopotea ni mengi kidogo kuliko zamani; utaratibu, hata hivyo, hauvunjiki.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mfumo wa faili na diski wako peke yao duniani. Yuko wa tatu, naye ni mwandishi wa programu, na kisa cha miaka ya 2008 na 2009 kinaonyesha jinsi kache iliyoboreshwa inavyoweza kumwumiza mtu aliyezoea ile mbovu. Mwandishi wa programu atakaye yakini huita fsync, amri isemayo: usinijibu mpaka faili hii na metadata zake ziwe diskini. Katika ext3, kwa namna yake ya kawaida ya kufanya kazi, data zilizotengewa bloku mpya zilipaswa kufika diskini kabla ya fungu la metadata kufungwa. Na kwa kuwa fungu ni moja kwa faili zote, aliyeomba faili yake ndogo ihifadhiwe alijikuta akingoja hata data za jirani anayenakili sinema. Mwaka 2008, Firefox ya tatu ilipoanza kuhifadhi historia ya kurasa kwa njia iliyoita fsync mara kwa mara, watumiaji wa Linux walilalamika kwamba kivinjari kinaganda. Somo ambalo waandishi wengi walilichukua, kwa bahati mbaya, ni kwamba fsync ni adui. Nao wakaiepuka, wakitegemea kwamba ext3 itaandika data kabla ya jina ndani ya zile sekunde 5.

Ikaja ext4, iliyotangazwa kuwa imara katika Linux 2.6.28 mwishoni mwa 2008. Hii ilichelewesha hata kuchagua bloku za data mpaka wakati wa kuziandika, ili ipate kuzipanga vizuri zaidi, na kwa hiyo metadata ya kubadili jina iliweza kufika diskini muda mrefu kabla ya data ya faili yenyewe. Programu zilizokuwa zikiandika mipangilio katika faili mpya na kuipa jina la ile ya zamani, pasipo fsync, ziliwaachia wenyewe faili zenye ukubwa wa sifuri baada ya mashine kuanguka: ya zamani imekwenda, mpya haina kitu. Mwanzoni mwa 2009 malalamiko yalikuwa makali. Theodore Ts'o, mmoja wa wakuu wa ext4, alijibu kwamba kanuni za POSIX, yaani mapatano ya mifumo ya jamii ya Unix, haziahidi chochote kwa asiyeita fsync, naye kwa maandishi ya kanuni alikuwa na haki. Hata hivyo alitengeneza marekebisho, yaliyomo katika Linux 2.6.30, ambayo huutambua mtindo ule wa kubadili jina na kuharakisha data zake. Kwa insafu yangu, marekebisho hayo yalikuwa ni bora kuliko hoja. Mfumo wa faili uliokuwa ukitenda jambo kwa miaka minane umekwisha kuliahidi, kanuni zisemavyo ni mamoja.

Juu ya saa za faili nitapita upesi. Kila kusoma kulibadilisha saa ya kusomwa, na kila kuandika saa ya kuandikwa, mabadiliko madogo yasiyo na haraka yoyote. Tangu Linux 4.0 ya mwaka 2015 pana hiari iitwayo lazytime, inayoziweka saa hizo katika inodi iliyo kumbukumbuni na kuzipeleka diskini tu pale inodi inapoandikwa kwa sababu nyingine, au fsync inapoitwa, au inodi inapoondolewa kumbukumbuni, au saa 24 zinapopita. Mwenye seva ya hifadhi ya data afanye hima aisome.

Na hao wenye hifadhi za data wana siri nyingine inayowafaa wote: metadata isiyobadilika haina haja ya kache. Hifadhi ya data ya PostgreSQL huandika daftari lake katika faili za megabaiti 16 ambazo kwa kawaida hujazwa sifuri mapema, na zikishatumika hupewa jina jipya na kutumiwa tena badala ya kufutwa. Ukubwa haubadiliki, bloku hazitafutwi, kwa hiyo amri ya fdatasync, ambayo huiacha saa ya kubadilishwa lakini haiwezi kuuacha ukubwa, haikuti metadata ya kuandika. Nimeona watu wakipoteza majuma wakirekebisha vipimo vya kache, na faili yao ikirefushwa kwa baiti mia mia kila andiko.

Nina ombi moja kwa vijana waandikao programu zinazohifadhi amana za watu, ziwe za benki, za zahanati au za ushirika wa wavuvi. Andikeni faili mpya kando, iteni fsync juu yake, ndipo mwipe jina la ile ya zamani, kisha mwite fsync juu ya saraka vile vile, maana jina nalo ni metadata na lina deni lake. Na jibu la fsync lisomeni. Mwaka 2018 wenye PostgreSQL waligundua kwamba katika Linux, diski ikishindwa kuandika, fsync yaweza kurudisha kosa mara moja tu. Kiini huzihesabu bloku zile kuwa safi, na fsync ya pili ikarudisha mafanikio ilhali data haimo diskini. Tangu matoleo ya Februari 2019, PostgreSQL ikipata kosa hilo haijaribu tena: hujisimamisha yenyewe, ikainuka upya na kujenga hali yake kutoka katika daftari.